Nilijua nimeizoea petroli

Nimefanya kazi sheli miaka minne na miezi kama mitatu hivi, Morogoro, kwenye ile barabara kuu ambayo malori ya kwenda Iringa hayaishi usiku wala mchana. Siku ya kwanza nilirudi geto kichwa kinagonga, nikalala bila kula. Siku ya pili hivo hivo. Wenzangu wakawa wananiambia tulia dogo, utazoea, na kweli baada ya kama mwezi nikawa sisikii tena kitu, kichwa kimetulia, yani mpaka nikafika mahali ile harufu naipenda, nikiwa off siku mbili nikirudi naivuta kama mtu aliyerudi kwao akasikia harufu ya kuni.

Hilo neno "utazoea" ndo limenifanya niandike leo.

Nianze na Anko wangu, mdogo wake mama. Anko alikuwa fundi viatu tangu mimi niko shule ya msingi, alikuwa anashona makubazi na viatu vya ngozi vya wanaume, na ofisi yake ilikuwa kile chumba cha nyuma cha bati chenye kidirisha kimoja ambacho alikifunga kwa boksi sababu vumbi linaingia kwenye gundi. Sasa pata picha, bati, jua la Morogoro, kopo la gundi liko wazi kutwa nzima, na yeye anapaka kwa kidole, akimaliza anachukua petroli kidogo kwenye chupa ya soda anasafishia mikono. Sisi watoto tulikuwa tunapenda kukaa mle. Mimi nilikuwa nampelekea chai na nikifika sitoki mpaka niitwe.

Miaka ya mwisho Anko akaanza kuchoka. Akipanda kale kamlima ka kwenda kwake anakaa chini mara mbili. Fizi zinatoka damu akipiga mswaki, akijigonga kidogo tu anapata alama nyeusi kama kapigwa, akatibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akapewa vidonge vya kuongeza damu, akaambiwa ale matembele na rozela. Kila kitu alikula. Damu inapanda wiki mbili inashuka. Ilivyofika hospitali kubwa ndo wakachukua uloto, yani ule urojo wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, kwenye mfupa wa nyonga, na yule daktari, kijana tu, akamuuliza swali ambalo huko kote tulikopita hakuna aliyewahi kuuliza. "Shikamoo mzee. Samahani, unafanya kazi gani?" Anko akajibu fundi viatu. Akauliza tena, unatumia gundi gani, unafanyia wapi, kuna dirisha? Mimi nimekaa pembeni nashangaa, nasema moyoni huyu anataka kiatu au?

Uloto ulikuwa umekaribia kuwa mtupu. Ndani ya miezi saba ikawa saratani ya damu, na mwaka 2019 tukamzika. Yule daktari hakutuambia kwamba gundi ndo imemuua, alisema kwa mtu mmoja mmoja huwezi kunyoosha kidole ukasema ni hiki, na mimi naheshimu hilo na sitasema zaidi ya alivyosema yeye. Ila alinitajia jina la kitu, benzini, akaniuliza na wewe kijana unafanya kazi gani. Nikamwambia sheli. Akanyamaza kidogo, afu akaniandikia kipimo.

Toka siku hiyo nimesoma sana hii kitu, na naandika ili wewe uliyeko sheli, gereji, kwenye viatu, kwenye rangi, ujue mapema kuliko mimi.

Benzini siyo petroli, watu wanachanganya. Benzini ni kimiminika kimoja, hakina rangi, harufu yake tamu tamu, kinakuwemo ndani ya petroli kwa kiasi kidogo, Ulaya wameweka mwisho isizidi asilimia 1 ya petroli, na kilikuwa kinatumika sana kuyeyushia mpira, gundi, wino na rangi. Inaruka haraka kuwa mvuke, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa kwahiyo haupandi juu ukapotea, unakaa chini, kwenye mashimo, kwenye chumba cha bati. Unaivuta, inaingia kwenye damu, ini linajaribu kuivunja ili mwili uitoe, na hapo ndo penye balaa, maana vile vipande vinavyotokana na kuvunjwa vina ukali wake na vinaenda kuharibu uloto. Uloto ndo kiwanda cha damu. Mle ndani kuna chembe mama zinazozaa chembe nyekundu, nyeupe na chembe sahani zinazogandisha damu. Zikifa unaishiwa damu, unapata maambukizi hovyo, unavuja fizi. Zisipokufa zikaharibika tu, zinaweza kuanza kuzaa chembe za hovyo, na hiyo ndo saratani ya damu. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka benzini kundi la 1, yani wale ambao hawabishaniwi tena kwamba wanasababisha saratani kwa binadamu, na Shirika la Afya Duniani limeitaja kwenye zile kemikali 10 zinazowapa wasiwasi mkubwa zaidi.

Kilichonikaa moyoni ni jinsi walivyojua. Walijua kupitia mafundi viatu.

Uturuki, Istanbul, kwenye miaka ya 50 mwishoni mafundi viatu walianza kutumia gundi mpya yenye benzini nyingi, nafuu, inakauka haraka. Vile vikarakana vyao vilikuwa vyumba vidogo, hewa haipiti, makopo wazi. Nilivyosoma hapo nikaweka simu chini, maana ilikuwa kama wanaandika kile chumba cha Anko. Kulikuwa na daktari wa damu pale anaitwa Muzaffer Aksoy, akaanza kuona wanaletwa vijana wa kushona viatu uloto umekauka, afu wengine na saratani ya damu. Hakuishia kutibu, akawa anahesabu. Kati ya mwaka 1967 na 1973 alipata wagonjwa 26 wa saratani ya damu au walioelekea huko, kati ya wafanyakazi kama 28,500 wa viatu na mikoba, akapiga hesabu ikawa 13 kwa kila laki moja kwa mwaka wakati kwa watu wa kawaida ni 6. Mara mbili na zaidi. Akaenda mpaka kwenye karakana kupima hewa. Benzini ilivyoanza kuondolewa kwenye gundi, wagonjwa nao wakapungua. Italia yalikuwa yameshawakuta hayo hayo kwa mafundi viatu na wapiga chapa, wakapiga marufuku benzini kwenye gundi na wino mwaka 1963.

Yani daktari mmoja aliuliza "unafanya kazi gani" kama alivyouliza yule kijana wetu. Basi. Ndo kazi yote ilianzia hapo.

Na dalili za kwanza ni za zamani zaidi, mwaka 1897 huko Sweden wasichana waliokuwa kwenye kiwanda cha matairi ya baiskeli walianza kuvuja damu na wanne wakafa. 1897 jamani! Babu wa babu yangu hajaona gari na huko wanajua tayari kwamba hii kitu inakausha damu.

Sasa hii nyingine ndo iliniuma. Mwaka 1948 chama cha makampuni ya mafuta ya Marekani kilitoa maandishi kuhusu benzini, chama chao wenyewe siyo wanaharakati, wakaandika kwamba kwa kuwa mwili haujengi uzoefu wowote dhidi ya benzini, na kwa kuwa watu wanatofautiana sana kuathirika, kiwango pekee kinachohesabika ni salama kabisa ni sifuri. Mwili haujengi uzoefu. Nilirudia huo mstari mara tatu nne hivi. Mimi mwaka mzima naambiwa utazoea, na mimi nikawaambia wadogo waliokuja nyuma yangu utazoea, kumbe kilichozoea ni pua tu na kichwa, uloto haukuzoea chochote, ulikuwa unapokea kila siku kama siku ya kwanza.

Na hata pua siyo ya kuiamini, benzini ikiwa peke yake binadamu anaanza kuisikia ikiwa tayari imevuka kile kiwango ambacho Marekani wameweka kama mwisho kwa mfanyakazi kwa masaa 8, ambacho ni sehemu 1 kwenye milioni ya hewa. Kwahiyo ukisema "mbona hapa sisikii harufu" hujasema kitu.

Hicho kiwango chenyewe kina historia ya kukera. Kule Ohio kulikuwa na wafanyakazi wa kutengeneza Pliofilm, karatasi laini ya kufungia vitu inayotokana na mpira ulioyeyushwa kwa benzini, wakaja kufuatiliwa waliofia wapi na kwa nini. Mwaka 1977 matokeo ya kwanza yakatoka, saratani ya damu imezidi. Serikali yao ikataka mwaka huo huo kushusha kiwango kutoka 10 kwenda 1. Wenye viwanda na mafuta wakaenda mahakamani, mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupa ile amri kwamba serikali haijathibitisha vya kutosha ukubwa wa hatari, na kiwango cha 1 kikaja kupita 1987. Miaka 10 watu wanavuta wakati karatasi zinabishana. Na mwaka huo huo wa 1987 ripoti kubwa zaidi ya wale wa Ohio ikaonyesha kati ya wanaume 1,165 wamekufa 9 kwa saratani ya damu wakati kwa kawaida wangetegemewa wasifike hata 3. Afu tena mwaka 2004 huko Tianjin, China, wakapima damu wafanyakazi 250 wa viwanda vya viatu wakalinganisha na 140 wa kazi nyingine, wakakuta hata wale waliokuwa chini ya hiyo 1 chembe zao za damu zimepungua. Kwahiyo hata 1 siyo ukuta.

Najua mtu wa sheli atasema sasa petroli si siku hizi haina madini ya risasi? Nilikuwa nawaza hivo hivo. Kusini mwa Sahara risasi iliondolewa kwenye petroli kufikia mwanzoni mwa 2006 na ni jambo kubwa, watoto wengi wameokoka, lakini risasi na benzini ni vitu viwili tofauti. Kuondoa kimoja hakujaondoa kingine.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kumjazia mteja siyo pale panapokuumiza zaidi, japo na penyewe pana mvuke, ile hewa iliyokuwa kwenye tanki la gari inasukumwa nje inakuja usoni kwako. Panapoumiza ni kupiga dipu asubuhi, unafungua mfuniko wa tanki la chini unazamisha fimbo na uso umeinamia shimo unasoma namba, na pale tenka linaposhusha mzigo. Mimi nilikuwa najitolea kupiga dipu sababu naonekana ndo mwaminifu, bosi ananiamini na namba. Pengine pabaya ni kunyonya petroli kwa mpira. Kuna siku mwenzetu alimjazia mtu petroli kwenye gari la dizeli, ikabidi itolewe, na nani anyonye? Mimi. Nikameza. Nikakohoa wiki nzima, na hapo hata kabla ya saratani ikiingia kwenye mapafu tu inaweza kukuua kwa siku chache. Mafundi gereji mnafanya hii kila siku na mnacheka, msicheke, pampu ndogo ya mkono ya kuminya ipo madukani na haina bei ya kumshinda fundi.

Na kunawa mikono kwa petroli. Hii naomba kwa magoti. Ngozi inapitisha, kidogo kuliko mapafu lakini inapitisha, na ukiwa na michubuko inapitisha zaidi, na wakati unanawa unavuta vile vile. Oili inatoka kwa sabuni ya unga na maranda ya mbao, sugua kavu kwanza afu ndo maji. Mafundi wa zamani wanaijua hii.

Halafu suala la barakoa. Kile kitambaa na zile za bluu za hospitali hazizuii mvuke hata kidogo, zinazuia vumbi na matone. Mvuke unahitaji barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa maalum na vichujio hivyo vinakwisha, vinabadilishwa. Nimeona vijana wamevaa kitambaa wanajiona wako salama wanakaa karibu zaidi, hiyo ni mbaya kuliko kutovaa. Bora usimame upande upepo unakotokea, geuza uso ukifungua mfuniko, bomba likijikata lenyewe usilazimishe kujaza mpaka mdomoni hata mteja akisisitiza, sigara acha maana moshi wake nao una benzini ya kwake, na yunifomu iliyomwagikiwa usirudi nayo nyumbani ukabeba mtoto. Fundi viatu wewe toa hilo boksi kwenye dirisha. Funika kopo, tumia brashi, fanyia kibarazani. Gundi nyingi siku hizi zimehamia kwenye toluini na heksani, siyo benzini, lakini usifurahi sana, toluini inapiga ubongo na heksani inaua mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, mafundi viatu wa nchi za watu wamepooza nayo.

Pale sheli tulikuwa na dada mmoja alifanya kazi mpaka mimba ya miezi minane, amesimama pampu namba mbili, na bosi akawa anasifiwa kwamba ana utu hajamfukuza. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba namba 136 wa mwaka 1971 ambao unasema mjamzito na anayenyonyesha wasiwekwe kwenye kazi za benzini au bidhaa zenye benzini inayozidi asilimia 1, wala walio chini ya miaka 18 isipokuwa wako mafunzoni chini ya usimamizi. Nusu karne! Utu ungekuwa kumhamishia kaunta, mshahara ule ule.

Hapa kwetu sheria ipo, ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na afya ya mfanyakazi inatakiwa ipimwe akianza kazi, akiwa kazini na akiondoka. Na kuna sheria ya fidia ya 2008 iliyozaa ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ambao unagusa na magonjwa yanayotokana na kazi, siyo ajali za kukatwa kidole tu. Shida ni kwamba ajali ya kidole inatokea leo na mashahidi wapo. Hii inakuja miaka 5, 10, wakati mwingine zaidi, sheli imeshauzwa, imepakwa rangi nyingine, bosi kahama, na wewe ulikuwa kibarua unalipwa mkononi huna hata karatasi inayosema uliwahi kusimama pale. Kwahiyo kama una barua ya ajira, kitambulisho cha kazi, hata ile karatasi ya zamu yenye jina lako, piga picha leo, tunza. Mimi nilikuta kitambulisho changu kwenye begi la zamani la shule, nikakifurahia kama nimeokota hela.

Na kapime damu. Kipimo cha kawaida tu, kile cha picha nzima ya damu, maabara wanaita FBP, hospitali nyingi wanacho. Hakikuambii una saratani wala huna, lakini kinakuonyesha chembe zako zikianza kushuka, na kushuka ndo kunatangulia. Mara moja haitoshi, unapima na mwaka unaofuata unalinganisha. Na ukikaa mbele ya daktari usingoje akuulize, anza wewe, sema nafanya kazi sheli mwaka wa ngapi, nashona viatu chumba cha bati, nanawa na petroli. Sisi na Anko tulizunguka karibu mwaka na nusu hakuna aliyelisema hilo, na sisi wenyewe hatukulisema, tulikuwa tunaongelea matembele.

Mwezi uliopita nilipita pale sheli. Wale vijana wote wapya, mmoja tu ndo tulikutana mwishoni mwishoni, nilimpokea mimi. Nikamwambia twende pembeni nikamweleza haya haya kwa ufupi, akanisikiliza vizuri, afu akaniambia, "Bro, mbona mimi nilishazoea, wewe si ndo uliniambia?" Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia nilikuambia vibaya, nisamehe, nikampa hela ya kipimo, nikamwomba kesho yake akitoka zamu ya usiku aende. Alienda. Alinitumia picha ya karatasi jioni, na ya kwangu nikamtumia, tukakaa kwenye simu kama nusu saa tunalinganisha mstari kwa mstari, nyekundu, nyeupe, sahani. Chembe zangu nyeupe ziko chini kidogo kuliko mwaka jana, daktari kasema nirudi baada ya miezi mitatu siyo mwaka. Dipu asubuhi bado anapiga yeye, ila kasema ataongea na bosi wapokezane.